Njia za Kushukia Nyika

Azimio la Musoma lilipitishwa Novemba 1974. Kwetu Mtae lilifika kwa miguu, miaka mitatu baadaye, likiwa limeandikwa juu ya daftari: elimu ya msingi kwa kila mtoto ifikapo mwisho wa mwaka 1977. Mwalimu mkuu alituita walimu wote akatugawia vitongoji, kila mtu akaandikishe watoto wa upande wake nyumba kwa nyumba. Mimi nilikuwa mgeni, tena mdogo kuliko wote, nikapewa upande ambao wenzangu hawakuutaka, ule wa miteremko inayoelekea nyika. Nilikuwa nimemaliza Chuo cha Ualimu Korogwe mwaka uliotangulia. Nimezaliwa na kukulia Pangani, na mpaka siku ile sikuwahi kutembea mahali ambapo shamba la jirani yako liko juu ya paa lako.

Leo nina wajukuu wenye umri mkubwa kuliko niliokuwa nao wakati ule, na njia zile bado ninaweza kuzitaja moja moja. Ninaziandika kwa sababu akina mama waliozikanyaga hawatajwi. Ukisikia habari za Usambara utasikia za watawala wa Kikilindi na Vugha yao, za Wajerumani waliouita mji wa Lushoto Wilhelmstal, za wamisionari wa Mlalo, za mradi huu na mradi ule. Nchi ile ilishikwa na miguu na mikono ya wanawake. Niliishi nao, nikatembea nao, na nimechoka kuona wanaachwa nje ya habari yao wenyewe.

Mtae iko kwenye ncha ya Usambara Magharibi, juu ya mgongo wa mlima ulio mwembamba hata ukisimama barabarani unaona bonde kulia na bonde kushoto. Asubuhi isiyo na ukungu unaiona milima ya Upare upande wa pili, Kenya iko mbele yako, na mara chache, kabla jua halijapanda, Kilimanjaro inajitokeza kwa mbali. Mvua inayoangukia upande wa machweo hushuka bonde la Mkomazi, ikaingia Mto Pangani, ikapita Korogwe na Hale mpaka mlangoni pa bahari, kwetu Pangani. Inayoangukia upande wa macheo huchanganyika na maji ya msitu wa Shagayu yakawa Mto Umba, na Umba unaingia baharini Vanga, ng'ambo ya mpaka. Nilipokuwa mtoto, masika yakikolea, mto wetu ulikuja mwekundu, umebeba magogo na migomba iliyong'olewa na mizizi yake. Wazee walisema mto umeleta udongo wa bara. Bara gani, hakuna aliyenieleza. Nilikuja kuiona nikiwa na daftari la majina mkononi.

Kufika kwenyewe kulikuwa kazi. Basi lilitoka Lushoto, likapanda Magamba penye miti ya mkulo na mwangati na mbega weusi kwa weupe, likapita Lukozi, likaelekea Sunga. Wakati wa mvua lilikwama popote lilipopenda. Abiria walishuka, wakajitwika mizigo, wakaendelea na safari bila kulalamika, maana kwao basi lilikuwa msaada wa kiangazi tu. Njia yenyewe ilikuwa ile ya miguu.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja aliyekuwa na umri wa kunizaa. Mumewe alifanya kazi katika mashamba ya mkonge chini huko, akirudi kwa nadra, na wanawe wakubwa walikuwa wamekwisha kuondoka. Alinitazama miguu kabla hajanitazama uso. Nilikuwa nimevaa viatu vya mjini vyenye soli laini. Kesho yake alinitafutia katambuga, akanipa na fimbo, akanionyesha namna ya kushuka: mguu ukae upande, hatua ziwe fupi, magoti yalegee, macho yasitazame bondeni bali pale utakapokanyaga. Udongo mwekundu uliokwanguka usiukanyage baada ya mvua. Penye majani, kanyaga kwenye shina. Ukipita shambani mwa mtu, pita ukingoni, tena umwamkie hata kama humwoni, maana yupo.

Kweli walikuwapo, ila kuwapata ndiyo ilikuwa shughuli. Vijiji vya Wasambaa vimejengwa juu ya migongo ya milima, nyumba zimesongamana, migomba imezizunguka. Niliingia kijijini asubuhi nikakuta wazee na kuku. Familia moja ilikuwa na kipande cha mahindi na maharage juu, kipande cha mboga bondeni penye unyevu, na kingine mbali kabisa, chini nyikani. Hawakufanya hivyo kwa kukosa mpango. Mvua ikikataa juu, bonde linatoa kitu. Bonde likifurika, juu kumesalimika. Na nyikani jua likikubali, kuna muhogo na mtama. Kila urefu wa mlima una majira yake ya kupanda na ya kuvuna. Aliyeyaunganisha majira hayo alikuwa mwanamke, kwa kutembea. Nikajifunza kwamba nikitaka jina la mtoto sharti nimfuate mama yake alipo, na alipo ni mwendo wa saa nyingi kwenda juu au chini.

Umbali haukuhesabiwa kwa maili. Nikiuliza shamba la fulani liko wapi, waliniuliza kwanza: una mzigo au huna? Kulikuwa na mwendo wa mtu mtupu na mwendo wa mwenye mzigo, na majibu mawili yalikuwa tofauti kabisa. Mwenye mzigo ana mahali pake pa kupumzikia, jiwe lenye urefu wa kifua ambalo anaweza kuliegemea, akalitua tenga bila kuinama na akajitwika tena bila kusaidiwa. Mawe hayo yalijulikana yote. Mengine yalikuwa yamelainika kwa kuegemewa na vizazi.

Daftari langu lilijaa taratibu. Watoto wengi niliowaandika walikuwa wakubwa kuliko ilivyotakiwa, wavulana wachungaji na wasichana walezi. Ukimwondoa msichana wa miaka kumi nyumbani, mama yake anabaki na mtoto mgongoni na tenga kichwani. Akina mama walinieleza jambo hili waziwazi, bila ukali, halafu wakampeleka mtoto shule vilevile. Mpaka leo nikisikia watu wakiusifu mpango wa elimu kwa wote, nawakumbuka hao walioulipia kwa migongo yao.

Siku za soko ndizo zilizonifundisha zaidi. Shule ikifungwa niliomba kufuatana na mama mwenye nyumba kwenda nyikani, kwenye masoko ya Mnazi na Mng'aro. Tulitoka jogoo wa kwanza. Wanawake walitokea kila kitongoji, koroboi mkononi, kata ya nguo kichwani, na juu ya kata tenga la maharage, viazi, peasi au fyulisi kwa msimu wake. Kulikuwa na baridi ya kuuma. Hapakuwa na maongezi mengi. Sauti ilikuwa ya nyayo na pumzi, na onyo la aliye mbele: hapa pana utelezi, hapa jiwe limelegea. Aliyetangulia alichaguliwa kwa macho yake, na nyuma kabisa alikaa mtu mzima wa kuhakikisha hakuna aliyeachwa.

Kulipopambazuka ukungu ulikuwa juu yetu badala ya kutuzunguka. Migomba ikaisha, mahindi yakaisha, vikaja vichaka, halafu miiba, halafu joto. Mibuyu ilipoonekana wanawake walivua sweta na kuzifunga kiunoni. Chini kule tuliwakuta wafugaji wa Kikwavi na samli yao, na wakulima wa Umba na mchele. Biashara ilikwenda haraka, kwa mafungu na kwa debe, kwa sababu kila mwanamke alitaka kuanza kupanda mlima kabla jua halijalegea. Hakuna aliyekubali kulala. Wasambaa tangu zamani waliitambua nyika kuwa nchi ya homa, na walikuwa sahihi: mbu wa chini ni wengi na mtu aliyezaliwa kwenye baridi ya juu hana kinga. Walikwenda kuchukua kilichoko nyikani wakarudi kulala Shambaai, nchi yao ya juu, na mpango huo ni wa zamani kuliko barabara yoyote ya gari.

Kupanda na mchele kichwani ni kazi nyingine. Niliwahi kudhani kwamba kushuka ndiko kugumu kwa sababu ya magoti. Basi katika kupanda, kwenye jiwe mojawapo la kutulia mzigo, ndipo mama yule aliponisimulia habari za matuta.

Aliolewa miaka ya vita vya Hitler vilipokuwa vikimalizika. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, halafu ukapanuliwa kwenda sehemu nyingine za Usambara. Walioupanga waliona kweli: miteremko ilikuwa imechoka, watu wameongezeka, mvua inabeba ardhi. Dawa waliyoileta ilikuwa matuta ya kukinga maji, kila kaya ilime kipimo chake, na anayekaidi ashtakiwe mbele ya watawala wa jadi na kutozwa faini. Mama alinyoosha mkono akanionyesha mteremko ulio mbele yetu. "Bwana shamba alikuja na kamba akapima urefu wa tuta," aliniambia. "Hakuuliza nani atalilima. Mume yuko mkongeni. Mimi nina mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Nikilima tuta, mahindi nitapanda lini?"

Alieleza pia jambo ambalo sikulisoma chuoni. Shamba la Msambaa wa wakati ule halikuwa la zao moja: ndizi, mahindi, maharage na viazi vilikaa pamoja, na majani yao yalifunika udongo. Tuta liliuvuruga mpangilio huo. Palipo na mteremko mkali, mvua kubwa ilikusanyika nyuma ya tuta mpaka likapasuka, na lilipopasuka lilishuka na shamba la chini pia. Juu ya hayo kulikuwa na hofu ya ardhi. Mjane, au mwanamke anayelima kipande alichoazimwa na ndugu, alijiuliza: nikishalitengeneza shamba hili kwa jasho langu, litabaki langu? Ugomvi ukawa mkubwa. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 ilikuta watu wa milimani wamekwisha kukasirika, ikapata wanachama huko kwa sababu ya matuta kuliko kwa hotuba yoyote. Ilipofika 1957 mpango ulikuwa umevunjika. Miaka sita baadaye, 1963, cheo cha zumbe, mtawala wa jadi, nacho kikafutwa na serikali ya Uhuru. Mama aliyakumbuka mambo hayo mawili pamoja, kana kwamba moja lilimzaa mwenzake, na sidhani kwamba alikosea sana.

Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa mlangoni mwa mto, na kwamba udongo wao tuliuona ukipita. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama ulitufaa kitu. Nilimjibu kwamba unakwenda baharini, wavuvi huona maji yamechafuka mbali kabisa na pwani. Alisikitika kweli. Akasema, kumbe tunalimia samaki. Alijua vizuri kwamba udongo unakwenda. Tangu mwanzo alikuwa amenionyesha kila mgomba uliobaki na mizizi nje, na kila korongo ambalo mwaka uliopita lilikuwa mfereji wa kuruka. Watu waliosema wakulima hawa hawakuelewa mmomonyoko hawakuwahi kutembea nao hata nusu siku.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, vita vya Kagera vikaja, bidhaa zikatoweka. Chumvi, sabuni na mafuta ya taa vilikuwa vitu vya kusimuliana. Njia za nyika zikawa na wasafiri wa usiku, na mchana hapakuwa na aliyeuliza chumvi imetoka wapi.

Halafu mwaka 1980 ikaja tauni. Ilianzia Mkunki, tarafa ya Mlalo. Habari zilitufikia kwa njia ileile inayopitia kila kitu, kilima kwa kilima: watu wanaota mtoki, homa kali, siku chache wamekwisha. Panya walionekana wamekufa ndani ya nyumba kabla ya watu kuugua. Mahindi ya Usambara hukaa darini juu ya moto, panya wakayafuata mahindi, viroboto wakawafuata panya. Panya akifa kiroboto hutafuta mwili mwingine wenye joto, na katika nyumba zile mwanamume alilala kitandani, mama na watoto wakalala chini karibu na meko. Waliougua zaidi walikuwa wanawake na watoto. Sisi walimu tuliagizwa tuwaulize wanafunzi kila asubuhi kama wameona panya mfu nyumbani. Niliuliza swali hilo mbele ya watoto wadogo wanaotetemeka kwa baridi, na mkono ulipoinuliwa moyo wangu ulishuka.

Wahudumu wa afya walipanda kwa miguu na mabegi ya sindano za streptomaisini, vidonge na dawa ya unga ya kunyunyiza sakafuni. Tiba ilikuwapo na ilifanya kazi, mgonjwa akiwahiwa. Kumuwahi ndiko kulikokuwa kugumu, kwa maana mgonjwa aliye bondeni hufika zahanati kwa machela, na machela huhitaji wanaume wanne wenye nguvu, na wanaume hawakuwapo. Niliona machela ikibebwa na wanawake, wakipokezana kila baada ya mwinuko.

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa ukimya wa njia. Kule mtu akifiwa, kesho yake njia zote hujaa watu wanaokwenda matangani, wamebeba unga, kuni, ndizi. Hakuna anayeulizwa kama anamfahamu marehemu; kupita njia yake kunatosha. Tauni ilipoingia watu wakakatazwa kukusanyika, maiti wakazikwa upesi na wachache. Nilipita vitongoji vilivyofiwa nikakuta mama amekaa peke yake mlangoni. Ugonjwa huo ulilala ukaamka, ukahama kijiji hadi kijiji kwa zaidi ya miaka ishirini, na walioandikishwa kuugua wilayani Lushoto walipita 7,000. Mijini ni wachache waliojua.

Katikati ya hayo, mwaka 1981, ulianza mradi mwingine wa udongo, wa Watanzania kwa kushirikiana na Wajerumani, uliojulikana kwa jina la SECAP. Watu waliposikia udongo walikumbuka matuta, wakakunja uso. Mama mwenye nyumba alihudhuria mkutano akakaa nyuma kabisa. Safari hii hawakuja na kamba na faini. Walileta mashina ya majani ya guatemala na matete, yapandwe kwa mistari inayokata mteremko. Walileta miche ya grevilea ya kupanda pembezoni. Na walishawishi watu wafungie ng'ombe bandani, wawakatie majani hayohayo, samadi irudi shambani.

Alitafakari msimu mzima. Alikwenda kutazama shamba la mtu aliyekubali, akaenda tena baada ya mvua kubwa, akauchunguza mstari wa majani kwa fimbo yake kuona udongo umekwama kiasi gani. Kisha akapanda wake. Sababu aliyonipa ilikuwa fupi: tuta halikuliwa na ng'ombe. Majani yalimpa lishe karibu na nyumba, ng'ombe alimpa maziwa, grevilea ilimpa kuni ambazo zamani alizifuata mpaka mpakani mwa msitu. Sitasema kazi yake ilipungua. Kukata majani kila siku na kuyabeba kichwani ni mzigo, na mzigo huo nao uliwaangukia wanawake na watoto. Ila ulikuwa mzigo alioupima mwenyewe, akajua faida yake inaingia jikoni mwake. Baada ya miaka michache mistari ile ilikuwa imejijengea ngazi, udongo umejaa nyuma yake, na nilipopita na fimbo yangu sikuhitaji tena kukwepa udongo mwekundu.

Niliondoka mwaka 1986 kwa uhamisho, nikafundisha Muheza mpaka nikastaafu. Mama yule amekwisha kufariki. Watoto niliowaandika daftarini ni watu wazima. Mmoja hununua kabeji Lukozi na kuzipeleka Dar es Salaam kwa lori, mwingine ni muuguzi. Bodaboda zinapita mahali ambapo sikudhani gurudumu lingepita, na mwanamke mwenye nauli hushusha magunia yake kwa pikipiki akamwacha dereva apambane na utelezi. Asiye na nauli bado anashuka alfajiri kwa miguu.

Mwaka jana mjukuu wangu wa kike alitaka kuipita njia ile, nikamwandikia maagizo. Afike Mtae siku moja kabla ya soko, alale mapema, ampe shikamoo kila mkubwa atakayekutana naye. Asiende na mtembeza wageni. Aombe kufuatana na akina mama, akae katikati ya msururu, asiwacheleweshe. Mguu ukae upande, hatua ziwe fupi. Mistari ya majani asiikanyage, avuke pale wenyewe wanapovukia. Kwenye mawe ya kupumzikia amwachie nafasi mwenye tenga, na kama kuna mama atakayemkubalia, ampokee mzigo kipande kimoja cha njia. Akifika chini anunue mchele wa Kitivo, ule wa nyikani, ila asizidishe kilo ambazo anaweza kuzipandisha mwenyewe.